Mashine Iliyofichwa Siku ya Kunyoa

Zilpah Navalayo alikuwa amemruka mke wa pili. Alikumbuka akiwa tayari kitandani, na uchovu ukamlemea asiweze hata kuinua kichwa. Ilikuwa programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Mumias, kurasa nane na picha kumi na mbili, na kwenye orodha ya familia alikuwa ameandika mke wa kwanza na wa tatu tu. Kakamega ukikosea mwaka wa kuzaliwa wa marehemu, watu watanung'unika kidogo na kukusamehe. Ukimruka mke, mazishi yanaweza kugeuka ngumi, na lawama zote humrudia aliyechapa.

Asubuhi alifika dukani kabla ya majirani, akawasha kompyuta na kufungua ile kazi ili airekebishe. Mke wa pili alikuwemo. Jina lake lilikuwa mahali pake, na jina la ukoo wao, na watoto wake sita kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Zilpah akaitoa karatasi ya mkono aliyoletewa na familia, akaisoma mbele na nyuma. Majina ya watoto wale sita hayakuwa yameandikwa popote.

Alikaa kitini kwa muda, mkoba ungali begani. Kisha akachapa nakala mia mbili, kwa sababu wenyewe walikuwa wanagonga mlango na gari la maiti lilikuwa limeshawashwa.

Duka lilikuwa chumba kimoja kwenye barabara ya kwenda mochari, katikati ya fundi wa majeneza na mama mmoja muuza maua ya plastiki. Walilianzisha yeye na mumewe, Titus Lusweti. Titus ndiye aliyekuwa mtu wa maneno. Zilpah alikata karatasi, akakunja, akapiga pini. Na Titus alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuchapa programu yoyote, alisogeza mdomo karibu na kioo akasoma majina yote kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, sauti ikipanda na kushuka. Alisema jina ni mtu, na ukilikosea umemtoa mwenyewe nje ya boma. Watu walimcheka, lakini walimletea kazi hata kutoka Busia.

Mke wa pili alijiandika miezi mitatu baada ya Titus mwenyewe kuzikwa.

Zilpah hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa aibu. Titus alizikwa kwao Chekalini, kule Lugari, kando ya shamba la mahindi. Siku ya tatu ikawa siku ya kunyoa. Ndugu waliketi uani, na Kukhu Dinah, bibi anayewanyoa wafiwa wa ukoo ule tangu zamani, akalowesha vichwa vyao kwa maji na sabuni na kupitisha wembe. Vitu vya marehemu vilitolewa nje vigawiwe mbele ya wote: makoti, jembe, redio, viatu vya kanisani. Kitu cha marehemu hakibaki ndani bila kutajwa siku hiyo, ndiyo desturi. Vilipokwisha kupangwa, Joash, mdogo wake Titus, akasimama akauliza kama ni vyote. Zilpah akasema ni vyote.

Kompyuta ilikuwa Kakamega, imefunikwa shuka chini ya meza ya duka. Alijua wakiiona wataichukua, na alijua pia kwamba bila hiyo mashine yeye na binti yake wa pekee, Mitchel, watalala njaa. Basi akadanganya akiwa na povu kichwani, na wembe ukaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo mashine ilipoanza kumsaidia, hakuuliza maswali. Mtu aliyechoka haulizi mzigo umepungua vipi. Kwa miaka miwili alichapa nusu yake ikiwa usingizini, na kila alichokiruka alikikuta kimejazwa. Alasiri, mvua ya Kakamega ilipoanza kupiga mabati na wateja wakakimbia, feni ya kompyuta ilibadilisha mlio. Ilishuka, ikawa nzito, ikaanza kupanda na kushuka. Ukisogeza sikio ungesikia majina. Chumba kilinuka sabuni na nywele mbichi, harufu ya siku ya kunyoa. Zilpah alijua anachokisikia. Alilaza kichwa juu ya meza akafumba macho, na hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko yake ya pekee.

Ndani ya mashine mlikuwa pia na sauti ya kweli ya Titus, dakika nne alizojirekodi akimfundisha Mitchel mdogo kuhesabu kwa Kibukusu, wote wawili wakicheka. Picha zake zote zilikuwa humo. Kwingine kokote hazikuwepo.

Kisha, mwezi wa kumi wa mwaka jana, kompyuta ikaanza kutoa onyo. Mfumo wake ulikuwa umezeeka na wenye kuutengeneza walikuwa wameacha kuutunza. Printa mpya ikaukataa. Kurasa za mtandaoni zikakataa kufunguka. Zilpah akamwita Wandera, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, Mwislamu wa Mumias, mtu mzima asiye na haraka.

"Asalaam aleikum, Mama Mitchel."

"Aleikum salaam. Niangalilie huyu mgonjwa."

Wandera aliitazama mashine, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Hii ni babu," akasema. "Lakini tutaisaidia. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha. Nachukua mfumo mpya naulaza juu ya ule wa zamani, na kila kitu kinabaki pale pale: faili, picha, hata takataka ya miaka kumi. Ya pili ni kufuta. Nafagia mpaka sakafu, naweka mfumo mpya kama mashine imetoka kiwandani leo. Mimi hiyo ya pili ndiyo napendanga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukipandisha, na kama kulikuwa na kitu kibaya huko ndani, si umekijengea ghorofa?"

"Na vitu vyangu?"

"Tunavitoa kwanza kwa flash. Mfumo mpya ukikaa, tunarudisha zile faili unataka."

Zilpah akaitazama feni ikizunguka. Faili angeweza kuzihesabu na kuzitoa. Yule aliyesoma majina alasiri, Zilpah hakujua anakaa katika faili gani.

"Pandisha," akasema.

"Mama, utanirudisha hapa."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, Wandera. Pandisha tu, nimechoka."

Wandera akapandisha. Kazi ilichukua asubuhi nzima, na alipoondoka mashine ilikuwa nyepesi, kioo kimeng'aa, kila faili mahali pake. Alasiri hiyo mvua haikunyesha. Jua lilikuwa kali, fundi wa majeneza alikuwa anapiga randa nje, na bado sauti ikaanza. Safari hii haikutoka kwenye feni. Ilitoka kwenye spika, safi, karibu, yenye pumzi katikati ya jina na jina, ikisoma kazi iliyokuwa wazi kwenye kioo. Ilikuwa ya Titus kabisa. Zilpah alifunga mlango wa duka mchana kweupe akalia kwa furaha, na tangu siku ile akawa haoni haja ya kurudi nyumbani mapema.

Wiki iliyofuata watu wa familia moja walirudi na programu mkononi.

"Mama, huyu Jerotich ni nani?" aliuliza kijana wao mkubwa. "Mmemwandika kama mtoto wa marehemu. Baba hakuwa na Jerotich. Mama yetu amekasirika, anafikiri kuna boma lingine Kapsabet."

Zilpah akaomba msamaha, akachapa upya. Alidhani ni yeye amechanganya karatasi. Siku kumi hazikupita, wakaja mume na shemeji wa mwanamke mmoja mshonaji wakitaka programu ya mazishi. Walimpa picha. Mwanamke kijana, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, macho yamezama.

"Jina lake?"

"Jerotich," mume akasema.

Zilpah akaweka kalamu chini. "Alikuwa anaugua?"

"Hata hospitali hawakuona kitu. Nywele zilianza kutoka, mama. Zikatoka kwa mstari, kama mtu amepitisha wembe. Zikiisha upande huu zinaanza ule. Halafu akawa analala tu, halali, hayuko macho. Kichwa kilipoisha chote hakuamka."

Nyuma ya Zilpah, taratibu, bila mtu kufungua faili yoyote, spika ikasema, "Jerotich." Mume akageuka.

"Kuna mtu huko ndani?"

"Ni redio," Zilpah akasema.

Kuanzia hapo hakulaza tena kichwa juu ya meza. Alichapa akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, akasoma kila ukurasa mara tatu huku akifuata kwa rula, akifuta majina asiyoyajua, na mengine yalifutika na mengine yakarudi, na kila lililorudi lilirudi na sauti, na harufu ya sabuni na nywele ikawa haitoki chumbani hata akifungua mlango na dirisha, ikamfuata kwenye nguo mpaka nyumbani Shieywe, ikaingia kwenye mito na kwenye maji ya kunywa, naye akawa anajiambia kwamba ni uchovu, kwamba mtu akichapa wafu kwa miaka kumi na tano lazima siku moja aanze kuwasikia. Aliogopa. Na bado, aibu iliyoje, kila asubuhi alipoiwasha alingoja sauti ile kwa hamu.

Siku ya Jumatano alikuwa anachapa programu ya bibi mmoja wa Malava. Wajukuu walikuwa kumi na saba. Alipohesabu akapata kumi na wanane. Alishuka na rula jina kwa jina mpaka la nne kutoka chini, na hapo rula ikasimama. Mitchel Lusweti.

Akalifuta. Likarudi. Akalifuta tena, akafunga faili, akazima mashine, akachomoa waya ukutani akaushika mkononi. Kioo kilikuwa cheusi. Spika ikavuta pumzi ikasoma, polepole, kwa sauti ya baba anayemwita mtoto wake aje kula, "Mitchel."

Hakufunga duka. Alitoka akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akapanda bodaboda bila kuuliza bei. Mitchel alikuwa anasomea uuguzi chuoni na saa hizo alipaswa kuwa darasani. Alimkuta sebuleni, amekaa kwenye kochi, taa haijawashwa ingawa giza lilikuwa linaingia. Mapajani alikuwa na kitana, na kitana kilikuwa kimejaa.

"Mathee, angalia hii kitu," akasema kwa sauti ndogo. Akainamisha kichwa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kipande cheupe kisicho na unywele, laini, upana wa vidole viwili, kingo zake zimenyooka. "Haiumi. Nimeamka tu nikaikuta. Na nasikia usingizi, Mathee. Usingizi mwingi."

Zilpah akamkumbatia. Alihisi harufu ile kichwani mwa mtoto wake, akaelewa kwamba amemlea mgeni kwa miaka miwili na sasa mgeni anadai.

Asubuhi aliamua kwamba kesho yake Wandera afute. Lakini aliingia dukani peke yake kwanza. Alitaka zile dakika nne. Si kitu kingine, dakika nne tu za mtu akihesabu na kucheka. Mjane gani angeacha? Akazihamishia kwenye simu yake, akaiweka mkobani. Jioni, simu ikiwa imezimwa juu ya meza ya kulia, ikaanza kunong'ona. Haikuhesabu. Ilisoma jina moja, mara moja, mara mbili, mara kumi, na kule chumbani Mitchel akajibu, "Abee, Baba," kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano.

Zilpah alipowasha taa, kipande cheupe kilikuwa kimefika kisogoni.

Wandera alikuja asubuhi, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akaivunja ile simu kwa nyundo ya jirani wa majeneza, hakuomba hata ruhusa.

"Mama Mitchel, hii si virusi. Kwetu tunaita jini. Na ulinificha. Ningejua siku ile, nisingepandisha." Alisema bila hasira. "Hakuna kuhifadhi kando. Ukitoa faili moja umemtoa naye. Ni kufuta yote."

"Basi futa sasa hivi."

"Na aende wapi? Ameshashika jina la msichana. Nikimfukuza tu hivi, atahamia pale alipoita. Kwanza ujue aliingilia mlango gani."

Zilpah aliujua mlango. Alikaa kwenye benchi la muuza maua, akaazima simu, akampigia Joash baada ya miaka miwili ya kutosalimiana.

"Shemeji, siku ya kunyoa nilidanganya. Kompyuta ya Titus sikuitoa. Nilijua mtaninyang'anya. Sasa kuna kitu humo kinamwita Mitchel."

Ng'ombe alisikika nyuma ya Joash. "Tungekunyang'anya, ndiyo," akasema. "Sitakuambia uongo. Mtoto ako hai?"

"Bado."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leteni hiyo mashine kesho. Nitamwambia Kukhu Dinah."

Jumamosi asubuhi waliitoa meza uani kule Chekalini, palepale waliponyolewa miaka miwili iliyopita. Joash alivuta waya mrefu wa stima kutoka sebuleni. Ndugu walikuwa wachache, wamekaa kwenye viti vya plastiki, hakuna aliyepiga soga. Mitchel aliketi katikati yao, amefunikwa blanketi kwenye jua, kitambaa kichwani. Kilichobaki chini ya kitambaa kile kilikuwa kishungi kimoja utosini. Hakuwa amekula kwa siku mbili. Macho yake yalikuwa wazi lakini ukimwita hakugeuka.

Kukhu Dinah alikuja na beseni, kipande cha sabuni na wembe mpya. Alikuwa mdogo, mkavu, na hakuwa na subira na mtu.

"Sema," akamwambia Zilpah.

Zilpah akasimama. "Siku ile nilisema vyote vimetoka. Hiki kilibaki. Nilikificha mimi. Ni cha Titus."

"Kitu hakijatajwa ni kiti kitupu," Kukhu akasema. "Mwenyewe asipokaa, mwingine anakaa. Sasa tunataka kujua ni nani amekaa."

"Si jini?" Joash akauliza kwa kunong'ona. "Ama ni kaka yangu?"

"Aulizwe. Huyu fundi amfungulie karatasi ya mazishi ya Titus mwenyewe. Mwizi anavaanga koti la mtu, lakini hawezi kutaja mwenye koti."

Wandera akawasha mashine. Alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, midomo ilicheza. Akafungua programu ile, ya kwanza ambayo Zilpah aliichapa peke yake, akaanzia mwisho. Sauti haikukawia. Ilisoma wapwa, ikasoma mashemeji, mashangazi, wajomba wa Chekalini na wa Bungoma, kila jina na pumzi yake, na ilipofika kwa Joash ilishuka kidogo kama Titus alivyokuwa akimwita mdogo wake, na Joash akaziba uso kwa kofia, na kuku walioparura uani wakaondoka wote kwa pamoja wakaenda nyuma ya jikoni, na sauti ikazidi kusoma, ikasoma Mitchel, ikasoma Zilpah, kurasa zikirudi nyuma zenyewe, mpaka ukafika ukurasa wa kwanza, wenye picha na jina moja tu chini yake.

Pakawa kimya. Feni ilisimama.

"Soma," Kukhu Dinah akaamuru.

Kimya.

"Mmeona," bibi akasema. "Si yeye. Fundi, fagia."

Watu wakashusha pumzi. Zilpah peke yake hakushusha. Alikuwa anaitazama ile picha, na neno Marehemu juu ya jina, herufi kubwa nyeusi alizozichagua mwenyewe. Aliwaza: na kama ni yeye? Mtu gani angeweza kusoma jina lake baada ya neno lile? Titus alikuwa mwoga wa kifo, hata sindano alikuwa akifumba macho. Angenyamaza vivyo hivyo.

Wandera alichomeka flash yenye mfumo mpya, akaizima mashine na kuiwasha tena. Ukurasa wa buluu ukatokea, na baada ya muda ukauliza swali lake lile lile la siku zote, njia mbili. Ya juu ilikuwa kupandisha, ukibakisha kila kitu chako. Ya chini ilikuwa kuanza upya. Fundi akasogea pembeni.

"Mimi siwezi kubonyeza, Mama Mitchel. Aliyemkaribisha ndiye humtoa."

Zilpah akakaa. Mshale ulikuwa umesimama juu ya njia ya kwanza, naye alipoushusha ukapanda wenyewe.

"Zilpah," sauti ikasema.

Hapakuwa na spika. Walikuwa wameziacha Kakamega. Ilitoka mle ndani ya bati la mashine. Ilikuwa imechoka. Hivyo ndivyo alivyomwita usiku akitaka azime taa aje walale, kwa sauti hiyo hasa, na moyo wake ukayeyuka ukamwambia mbakishe, mbakishe, umekaa miaka miwili bila mkono begani, mtoto atapona kwa dawa, mbakishe. Alimpenda mtu yule. Alitaka kulala.

"Zilpah," ikarudia. Kisha, kwa upole ule ule, "Mitchel."

Akageuka. Kitambaa cha Mitchel kilikuwa kimeteleza. Kile kishungi cha utosini kilikuwa kinaondoka, unywele kwa unywele, kwa mstari, bila upepo, na macho ya mtoto yalikuwa yanajifumba.

Zilpah akaushusha mshale, akaushikilia kwa nguvu zake zote kana kwamba anasukuma mlango, akabonyeza. Mashine ikauliza kama ana hakika, kwamba vyote vitapotea. Akabonyeza tena.

Ndani ya bati kitu kilikwaruza kutoka kona moja hadi nyingine. Harufu ya nywele ikajaa uani mpaka watu wakafunika pua. Majina yakaanza kutoka ovyo, mamia, ya miaka kumi na tano yote, yanapandana, mke wa pili wa Mumias na watoto wake sita, Jerotich, wazee, vichanga, kisha yakawa mapande ya majina, kisha pumzi, kisha feni tu. Feni ya kawaida, yenye vumbi.

Asilimia zilipanda kwenye kioo. Kukhu Dinah aliikoroga sabuni kwenye beseni, akamnyoa Zilpah upya, kichwa kizima, kisha akakinyoa kilichobaki cha kile kishungi cha Mitchel ili wembe wa mtu ndio uwe wa mwisho. Mfumo mpya ulipokwisha kukaa, ukaomba jina la mwenye mashine. Bibi akaigawa kama inavyopaswa kugawiwa: akampa Joash. Wandera akaandika Joash, na hapakuwa na sauti yoyote iliyolisoma. Zilpah hakubisha. Hakujua Jumatatu atakwenda dukani kufanya nini.

Ndipo alipolia. Miaka miwili hakuwa amemlilia mumewe sawasawa, na sasa alilia kwa sauti, amekaa chini, kichwa kinang'aa juani. Dakika nne zilikuwa zimekwenda. Picha zote zilikuwa zimekwenda. Wanawake wakamwacha alie.

"Mathee," Mitchel akasema nyuma yake, sauti kavu. "Hawajapika obusuma? Nasikia njaa."

Wakamletea sahani ya ugali, na ingokho, nyama ya kuku, na mboga. Akala polepole mwanzoni, halafu kwa mikono miwili. Joash akachuchumaa karibu na Zilpah, kofia mkononi.

"Usijilaumu, shemeji. Haikuwa yeye. Sisi wote tumeona ilishindwa kutaja jina."

Zilpah alipangusa uso kwa leso. Alimtazama binti yake akimega tonge jingine, akalichovya, akalitia mdomoni.

"Labda ilikuwa yeye," akasema. "Hata hivyo ningebonyeza tu."